Wakati wa Kupanda Zukini Pwani

Wengi hudhani mvua ikianza ndiyo ruhusa ya kupanda kila kitu. Kwa mahindi yafaa. Kwa zukini, ndugu yake boga, sivyo, na mbegu zake si za bei rahisi hata mzazi azitupe bure.

Hapa pwani ya Tanga masika huanza Machi hata Mei. Mbegu ya Aprili huota upesi, majani yakapendeza. Taabu huja maua yatokeapo. Ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Maua ya kiume na ya kike ni mbalimbali katika shina moja, nalo la kike hujulikana kwa kitunda kilicho chini yake. Hapana budi nyuki achukue chavua toka hili mpaka lile. Asubuhi ya mvua nyuki haruki, basi kitunda huoza nchani kikaanguka. Na katika joto la Februari shina hutoa maua ya kiume tele, ya kike haba.

Kwa hiyo, nionavyo mimi, heri mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni: mvua imepungua, udongo ungali na unyevu, hewa ina ubaridi kidogo. Baada ya siku 50 hivi utachuma. Mashimo yaachane mita 1, kwani majani yakisongamana huingiwa na ukungu mweupe mfano wa unga. Maji yatiwe shinani.

Nyuki wakiadimika, chuma ua la kiume ukalipake la kike kabla ya saa tatu asubuhi.