Likizo Mukendo: Shiba Bila Kula Nauli ya Kurudi

Anayekuja Musoma likizo akitokea Dar au Dodoma huwa na imani moja: kando ya ziwa, samaki ni wa kumwaga. Samaki kweli wapo. Ila sato yuleyule aliyevuliwa alfajiri anaweza kuwa na bei tatu kabla jua halijazama, kutegemea umemlia wapi: kwenye benchi la mama ntilie, kwenye mgahawa wa Barabara ya Mukendo, au chini ya mwavuli ufukweni huku spika zikinguruma. Kinachopanda bei ni kiti. Basi tuanze na viti.

1. Kula pamoja na wanaofanya kazi, tazama ziwa baadaye

Waitaliano wamelimaliza jambo hili la bei ya kiti kwa uwazi. Roma au Venezia, kahawa ukiinywa umesimama kaunta huwa na bei yake, ukikaa mezani ina bei nyingine, na migahawa mingi nchini humo huongeza tozo iitwayo coperto kwa kila aliyekaa, hata kama hakugusa mkate. Musoma hutaiona coperto kwenye bili. Imo humohumo ndani ya bei ya samaki. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: shiba kwanza upande wa sokoni au Mwigobero, wanapokula wachuuzi, makuli na abiria wa kivuko cha Kinesi, kisha tembea taratibu hadi ufukweni ukaagize soda moja na kulitazama jua likizama. Mandhari ni yaleyale.

2. Hesabu kwa sahani

Siku ya kwanza, pita sehemu mbili au tatu uulize bei ya sahani ya kawaida: ugali, dagaa au maharage, na mboga ya majani. Hiyo ndiyo rula yako. Tuseme, kwa mfano tu, sahani ni shilingi 3,000 nawe umetenga 20,000 kwa siku. Sahani mbili ni 6,000, chai na chapati za asubuhi weka 2,000, maji 2,000. Zinabaki 10,000. Usizitafune kidogo kidogo kwa karanga na biskuti. Zilaze siku mbili, ya tatu ukae ufukweni kama bosi na samaki mzima mbele yako.

3. Bei ijulikane kabla samaki hajaingia kwenye mafuta

Kwenye baa na sehemu za ufukweni, samaki huuzwa kwa ukubwa. Mhudumu huja na sinia, akakuonyesha watatu wanne wabichi, nawe unanyoosha kidole. Hapo ndipo pa kupatana. Akishakaangwa, huna tena la kusema. Maswali ni mawili, na yaulizwe kwa tabasamu: “Dada, huyu shilingi ngapi?” na “Bei hiyo ni pamoja na ugali?” La pili ndilo watu hulisahau. Ugali, ndizi na kachumbari vinaweza kuhesabiwa kila kimoja peke yake, na bili ikija meza nzima inakaa kimya.

Kwa mama ntilie mambo ni mepesi zaidi, lakini salamu isirukwe. “Shikamoo mama, leo kuna nini?” haikushushii bei. Inaweza kukuongezea mchuzi, na mchuzi wa pili ni ugali wa pili.

4. Agiza samaki kabla hujakaa

Samaki wa kuchoma au mchemsho huchukua muda. Muda huo ndio unaouza bia. Mezani mko wanne, kila mmoja anaagiza moja “tukisubiri”, halafu nyingine, na samaki anafika akikuta vinywaji vimeshampita bei. Piga simu mapema, au pita mchana uagize, kisha uzunguke mjini. Na kama chakula kimetoka Mwigobero kwa bei ya haki, usikirudishie hasara kwa soda nne.

5. Wajue samaki wenyewe

Sato ndiye kipenzi cha meza, na bei yake inalijua hilo. Sangara ni mgeni aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, akawala furu wengi wa asili na kugeuka biashara ya kimataifa. Minofu yake hupita viwandani na kusafirishwa hadi Ulaya, ndiyo maana kipande kizuri cha sangara hapa unakigombea na mnunuzi aliye mbali sana. Mifupa na vichwa vinavyobaki, yaani mapanki, huuzwa kwa bei ya chini. Kwa mchuzi, usiyadharau.

Mfalme wa bajeti ni dagaa. Lakini tazama mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa hufuata mwanga, na zama za mbalamwezi taa haifui dafu, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Likizo yako ikiangukia mwezi mpevu, dagaa wabichi watakuwa adimu na bei itapanda. Likiwa giza totoro, kula dagaa wa kukaanga mpaka uchoke.

6. Mchana ndio wakati wa kula kitu kizito

Mama ntilie wengi hupika mara moja. Kati ya saa sita na saa nane sufuria zimejaa na kila kitu ni cha moto. Ukichelewa unakuta makoko. Jioni mji unahamia kwenye chipsi, mishkaki na nyama choma. Si vibaya, ila chipsi mayai usiku wa tatu mfululizo si likizo. Nyama iagize kwa nusu kilo, mkiona haitoshi mtaongeza. Na kwa kuwa huu ni mkoa wa ng'ombe, jaribu mtindi na viazi vitamu asubuhi. Unashiba mpaka mchana kwa pesa kidogo kuliko supu na chapati mbili. Ukikaribishwa kichuri, onja kabla hujauliza kimetengenezwa na nini.

7. Jumamosi, jipange

Mkoa wa Mara una Wasabato wengi, na baadhi ya wapishi hawawashi jiko siku hiyo. Ijumaa jioni muulize mama unayemzoea kama kesho yupo.

8. Ukienda Butiama au Bunda, beba

Butiama watu huenda kwa ajili ya Mwalimu Nyerere: makumbusho, nyumba zake na kaburi lake pale Mwitongo, alikozikwa Oktoba 1999. Ni kijiji, si mji wa migahawa, na saa ya njaa hukukuta ukiwa katikati ya maelezo ya mwongoza wageni. Kula vizuri Musoma asubuhi, beba ndizi, mayai ya kuchemsha na maji. Ukienda karibu na tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu yake, tarajia foleni kwenye kila sufuria.

Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza, na hapo chakula ni cha wasafiri: cha haraka, kipo muda wote. Tatizo ni wanaoendelea hadi lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Ndani ya hifadhi, bei za hoteli zimepangwa kwa ajili ya mtalii wa dola. Fungasha kabla ya kuingia. Beba hotipoti na kikapu chako, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kifungashio cha mgahawani mara nyingi unalipia. Ukimaliza kula, rudi na takataka zako. Nyani hawahitaji mwaliko wa pili.

9. Pesa ya zawadi isikae na pesa ya chakula

Siku ya kuondoka, kila mtu hukumbuka dagaa wa nyumbani. Nunua waliokauka sawasawa: ukiwashika wavunjike, wasipinde, na wasiache mchanga mkononi. Uliza bei ya kisado sehemu mbili kabla ya kutoa pesa. Funga mara mbili ndani ya gunia, kisha kubaliana na konda gharama ya mzigo pale stendi ya Bweri, kabla gunia halijaingia kwenye buti.