Tishu Laini, Losheni na Ngozi ya Pua Yako



Mtu akishikwa na mafua huhangaikia kamasi na kuisahau ngozi. Ikifika siku ya tatu, baada ya kupenga na kupangusa kutwa kucha, ngozi ya kandokando ya pua na ya juu ya mdomo huwa nyekundu, huwasha, kisha hupasuka. Hapa Lunga Lunga mimi huwaona wagonjwa wa namna hii kila msimu wa mafua: dereva wa lori anayengoja kuvuka mpaka kwenda Horohoro, mwalimu aliyekula vumbi la chaki, mama mwenye mtoto mgongoni. Wengi hudhani wamepata ugonjwa wa pili. Kumbe wamechubuliwa na karatasi.

Siku hizi katika maduka makubwa kuna tishu zinazosifiwa kuwa ni laini, zinafyonza sana na zimetiwa losheni. Bei yake ni ya juu kuliko ya roli ya kawaida. Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: Je, daktari, zina faida yoyote, au ni biashara tu? Jibu ni kwamba faida ipo, lakini ni ya mahali maalumu. Tena, ukielewa jinsi zinavyofanya kazi, unaweza kuipata faida hiyo hiyo kwa roli ya kawaida na kikopo cha mafuta ya mgando.

Ngozi huharibikaje?

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembechembe zilizokufa na kukauka. Udongo unaoyashikanisha ni mafuta ya asili. Ukuta huu huzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie.

Wakati wa mafua ukuta huo hushambuliwa kwa njia mbili. Kwanza, kamasi huulowesha. Ngozi iliyolowa hulegea na kuchubuka upesi, kama vidole vya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi. Pili, kila unapopangusa, karatasi huondoka na mafuta kidogo pamoja na chembechembe kadhaa. Mafuta yakiisha, ngozi hukauka na kupata nyufa.

Ufa ni mlango. Takriban mtu 1 kati ya 3 hubeba puani bakteria waitwao stafilokokasi bila kuugua. Bakteria hao hukaa kwa amani mpaka wapate pa kuingilia. Wakipapata, huweza kuleta vipele vya usaha, majipu, au uvimbe unaoenea usoni. Kwa hiyo ulaini wa karatasi si anasa tupu. Ni jambo la afya.

Tishu hutengenezwaje?

Karatasi ni nyuzi za miti. Mbao hukatwa vipande vidogo, huchemshwa pamoja na dawa mpaka nyuzi ziachane, na kinachobaki ni rojo. Miti kama msonobari hutoa nyuzi ndefu zinazoipa karatasi uimara. Mkaratusi hutoa nyuzi fupi na nyembamba zinazoipa ulaini. Mtengenezaji huchanganya hizo mbili: ndefu zikizidi, tishu hukwaruza, fupi zikizidi, huchanika mkononi.

Hapa Kenya, kiwanda cha karatasi cha Webuye ndicho kilichokuwa kikigeuza miti kuwa rojo tangu miaka ya 1970, mpaka kiliposimama mwaka 2009. Tishu nyingi za hapa nchini hutokana na karatasi kuukuu au na rojo linaloagizwa kutoka nje. Kampuni ya Chandaria ya Nairobi, kwa mfano, inajulikana kwa kukusanya karatasi zilizotumika na kuzigeuza tishu. Kazi hiyo ni ya manufaa kwa mazingira. Lakini nyuzi zilizokwisha kukaushwa na kuloweshwa tena huwa fupi na ngumu kidogo, ndiyo maana baadhi ya roli za bei nafuu hukwaruza. Hazina sumu, zinataka mkono mwepesi tu.

Sasa tuangalie ulaini unatoka wapi. Rojo lenye maji mengi humwagwa juu ya wavu unaokimbia. Maji huchujika, na utando unaobaki hubanwa juu ya pipa kubwa la chuma linalopashwa moto kwa mvuke. Karatasi hukauka ikiwa imegandamana na pipa hilo, kisha bapa la chuma huikwangua. Kukwanguliwa huko huikunja katika makunyanzi madogo mno na kulegeza nyuzi zilizoshikana. Makunyanzi hayo ndiyo ulaini unaousikia kidoleni. Viwanda vingine hupitisha hewa ya moto katikati ya karatasi badala ya kuibana, ili ibaki imetuna na kunywa maji zaidi. Mwisho, tabaka 2 au 3 huunganishwa pamoja.

Taulo za karatasi za jikoni zina jambo la ziada. Hutiwa dawa ya kuzishikiza nyuzi ili zisivunjike zikilowa. Karatasi ya chooni haitiwi dawa hiyo, kwa sababu inatakiwa isambaratike majini. Ukitaka kuhakikisha, tia kipande cha kila moja katika gilasi yake ya maji, ukoroge. Ya chooni itageuka uji. Ya jikoni itabaki nzima. Ndiyo sababu taulo ya karatasi ikitupwa chooni huziba bomba.

Ugomvi wa mafuta na maji

Tishu za uso zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1924 kwa jina la Kleenex. Hazikukusudiwa mafua, bali kuwasaidia wanawake kupangusa krimu usoni. Wanunuzi wenyewe ndio walioanza kuzipengea kamasi, na kampuni ikafuata. Losheni ilikuja miaka mingi baadaye.

Losheni hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa mafuta ya madini au ya mgando, nta, na vilainisha ngozi, pengine pamoja na mshubiri au vitamini E. Pakiti ikitaja alkoholi ya setili, usishtuke: hiyo ni aina ya nta laini, si kileo.

Hapa pana tatizo ambalo watengenezaji wamelihangaikia sana. Karatasi hunywa maji kupitia nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi, kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Ukizijaza nafasi hizo mafuta, maji hayapiti. Tishu ikitiwa losheni nyingi huwa laini sana, lakini hutelezesha kamasi badala ya kuifyonza. Kwa hiyo kiwandani losheni hufanywa iwe ngumu kidogo kama nta, kisha hupakwa kwa kiasi kidogo juu juu tu, pengine kwa mistari, ili isizame ndani. Tishu ikigusa ngozi yenye joto na kusuguana nayo, sehemu ya losheni huhamia kwenye ngozi. Katikati ya karatasi hubaki pakavu pa kunywa maji.

Jaribu mwenyewe. Kata vipande viwili vya tishu vyenye upana wa vidole viwili. Kimoja kipake mafuta kidogo. Tumbukiza ncha zote mbili katika kisahani cha maji. Utaona maji yakipanda haraka kwenye kipande kikavu na kusitasita kwenye chenye mafuta. Fundisho lake ni hili: mafuta yanafaa kwa ngozi, lakini yakizidi kwenye karatasi huiharibia kazi.

Ukiwa na roli ya kawaida

Fanya hivi, nawe utakuwa umepata tishu yenye losheni kwa gharama ndogo.

1. Chagua roli isiyo na manukato wala rangi. Manukato ni mojawapo ya mambo yanayowasha ngozi mara kwa mara.

2. Kunja tabaka tatu au nne. Karatasi nene hunywa kamasi kabla hujalazimika kusugua.

3. Penga tundu moja baada ya jingine, polepole. Kupenga kwa nguvu kunaweza kusukuma kamasi hadi masikioni.

4. Bonyeza karatasi juu ya ngozi, uiache inywe. Usisugue huku na huku.

5. Ngozi ikishakauka, paka mafuta ya mgando kiasi cha punje ya choroko, nje ya pua na juu ya mdomo, asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Paka kwenye ngozi, si kwenye karatasi. Usiyasukume ndani kabisa ya pua, hasa kwa mtoto, kwani yanaweza kuvutwa hadi mapafuni.

Kitambaa cha pamba kilicholainika kwa kufuliwa ni rafiki wa ngozi pia, ila kibadilishwe kila siku na kufuliwa kwa sabuni na maji ya moto. Kitambaa kibichi kinachorudishwa mfukoni siku tatu mfululizo ni ghala la vijidudu. Na gazeti, hata hili unalolisoma, lisitumike kujipangusia. Ni gumu na lina wino.

Mahali ambapo losheni haifai

Tishu yenye losheni isitumike kufutia miwani, kwa kuwa huacha ukungu wa mafuta, wala kushikia lenzi za machoni. Isitumike kukaushia vyombo. Tena, tishu ya aina yoyote isiwekwe juu ya kidonda kibichi au mahali palipoungua, kwa sababu nyuzi zake hunata na kubaki ndani. Tumia bendeji au kitambaa safi.

Vitambaa vya karatasi vyenye maji, vile wanavyopangusiwa watoto, vitumiwe kwa uangalifu. Kihifadhi kimoja, methilisothiazolinoni, kiliwaletea watu wengi mzio wa ngozi, na tangu mwaka 2017 Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku katika vipodozi vinavyoachwa mwilini bila kusuuzwa. Mtoto akitoka vipele baada ya kupanguswa, acha kuvitumia. Pamba na maji ya uvuguvugu vinatosha. Mkaushe kwa kubonyeza, hasa kwenye mikunjo, kisha mpake mafuta ya mgando. Wekundu ukiingia ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogovidogo, huenda ni fangasi, na hapo anahitaji dawa.

Chooni, wengi wetu hapa Pwani hutumia maji, na hiyo ni desturi njema kwa ngozi. Karatasi ifuate kwa kukaushia tu, kutoka mbele kwenda nyuma kwa wanawake na wasichana. Mwenye bawasiri au mpasuko asisugue kabisa. Akiona damu, asiridhike na kununua karatasi laini zaidi. Afike kwa daktari apimwe.

Kukausha mikono na kutupa karatasi

Kunawa bila kukausha ni kazi nusu, kwani mikono mibichi hupokea na kuachia vijidudu kwa urahisi kuliko mikavu. Taulo moja ya nguo inayoning'inia hotelini na kupanguswa na kila mteja huwarudishia watu uchafu waliokwisha kuunawa. Penye watu wengi, taulo ya karatasi isiyo na losheni ndiyo bora. Nyumbani, kila mtu awe na taulo yake, ianikwe juani.

Tishu iliyopengewa haina safari ya pili. Itupe kwenye pipa lenye kifuniko, kisha unawe mikono. Ukikohoa, funika mdomo kwa tishu. Ukiikosa, kohoa ndani ya kiwiko. Na kikohozi cha wiki 2 au zaidi hakiondoki kwa tishu. Nenda upimwe kifua kikuu. Katika vituo vya serikali kupimwa na kutibiwa ni bure.

Uende hospitali lini?

Michubuko ya kawaida huanza kupona ndani ya siku chache ukifuata maelezo haya. Usingoje, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukiona mojawapo ya haya: uvimbe mwekundu wenye joto unaoenea, homa, ukoko wa rangi ya asali unaosambaa usoni mwa mtoto, au jipu puani. Jipu hilo usilitumbue, kwa maana mishipa ya damu ya pua hukutana na inayoingia kichwani. Uvimbe ukielekea jichoni, au ukiambatana na maumivu makali ya kichwa, ni dharura: fika hospitali siku hiyo hiyo, iwe ni Msambweni au nyingine iliyo karibu. Na mtoto anayetokwa na uchafu unaonuka katika tundu moja tu, huenda amejitia shanga au punje ya harage. Usijaribu kuitoa kwa kijiti.

Kwa hiyo, msomaji, mwenye uwezo na anunue tishu yenye losheni kwa siku za mafua, itamfaa. Asiye nayo asijione ameachwa nyuma. Ngozi haijui jina lililoandikwa kwenye pakiti. Inachotaka ni kukaushwa bila kusuguliwa na kurudishiwa mafuta yake. Ufa wa pua ni mdogo, lakini wazee walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.