Baridi na Fuwele za Protini
Ureasi, kimeng'enya kinachovunja urea, hupatikana kwa wingi katika aina fulani ya maharage. James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipoanza kukitenga hakuwa na jokofu. Aliweka mimumunyo yake ya alkoholi dirishani na kuomba usiku uwe wa baridi. Katika mmumunyo wa namna hiyo, umumunyifu wa protini hupungua halijoto ishukapo (ingawa zipo protini ambazo, katika mimumunyo mingine, huyeyuka zaidi zikipozwa). Kiasi kinachozidi hujitenga: kikijitenga upesi mno huwa mashapo yasiyo na umbo, kikijitenga polepole, molekuli hujipanga zikawa fuwele. Mwaka 1926, akitumia sasa asetoni, Sumner aliziona asubuhi kwa hadubini. Wanakemia waliokana kwamba vimeng'enya ni protini walimbishia kwa miaka. Tuzo ya Nobel aliipata 1946.