Bumu Lenu Kwanza, Kisha Wahitimu

Wadogo zangu wa vyuoni,

Kambi za Pasaka zinakaribia na simu yangu imeanza kujaa kadi za michango. Ushirika mmoja wa wanafunzi Wakristo unadaiwa nauli ya basi, mwingine umeshakodi spika, na mwisho wa kulipa ni keshokutwa. Kwa upendo nawaambia: mkichangisha kila mara kama mnaozima moto, mtawachosha watu. Kinachobeba huduma ya chuo mwaka mzima ni kidogo kinachoingia kila mwezi, kutoka kwa watu wanaowajua.

Anzeni na nyinyi wenyewe. Najua bumu la Bodi ya Mikopo lina wenyewe: chakula, chumba, fotokopi. Sitaki mtu alale njaa ili spika zilie. Lakini mwanachama anayetoa hata shilingi 1,000 bumu likiingia, anaweza kumwomba mwingine bila kigugumizi. Watu wa nje watauliza tu: nyinyi mmetoa nini?

Kisha nendeni kwa wahitimu. Hapa ndipo tunapopoteza wengi. Mwanakwaya wa juzi amemaliza, amepata kazi Mbeya, na hakuna mwenye namba yake. Anakuja kutafutwa baada ya miaka minne, kwa kadi ya mchango! Wekeni daftari: jina, namba, mji, jambo la kumwombea. Simu ya kwanza iwe ya kumjulia hali, si ya pesa. Wenzetu wa FOCUS Kenya, umoja wa shirika za wanafunzi Wakristo vyuoni, walioanza mwaka 1973, huwalea wahitimu wao kwa makusudi. Pigeni hesabu: wahitimu 60 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, mna 600,000. Tamasha gani litawapa hizo kila mwezi?

Ombeni mtu kwa mtu. Tangazo kwenye kundi la WhatsApp kila mmoja hudhani linamhusu mwenzake. Mpigie kaka au dada, mweleze kazi, taja kiasi, kisha nyamaza umsikilize. Akikataa, mshukuru na uendelee kumsalimia. Wala msione haya: Luka 8 inawataja Mariamu Magdalene, Yoana na Susana miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Ila mheshimiwa akileta kinanda karibu na uchaguzi, jiulizeni atataka kipaza sauti lini.

Pesa ikiingia, isilale kwenye simu ya mhazini. Fungueni akaunti ya ushirika yenye watia saini wasiopungua wawili, mmoja wao awe mlezi, kwa sababu viongozi wanafunzi huhitimu na kuondoka. Katika 2 Wakorintho 8, Paulo alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine kushughulikia mchango, pasiwe na lawama. Kama yeye alijihadhari, sembuse sisi? Kila mwisho wa muhula tumeni ripoti ya ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotumika, na kazi iliyofanyika. Aliyetoa 2,000 aipate sawa na aliyetoa laki mbili.

Kazi ya wiki hii ni moja. Wa mwaka wa mwisho bado mnao hapo. Pitisheni daftari kabla hawajafungasha mabegi, na kila jina lipewe mtu mmoja wa kulifuatilia.

Dada yenu.