Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Magonjwa ya Ngozi Gatuanyaga

Nimekuwa nikiwaleta wanafunzi wa udaktari kutoka Thika mjini hadi Gatuanyaga, wajifunze kutambua magonjwa ya ngozi. Haya ndiyo niliyojifunza nami.

1. Tafuta mwanga kwanza. Shosho mmoja alikuwa akijikuna. Ndani ya chumba chenye giza, wanafunzi walikubaliana kwamba ni aleji. Tukatoka naye barazani. "Shosho, tanua vidole." Katikati ya vidole kulikuwa na vijistari vifupi, kama vilivyochorwa kwa penseli. Ulikuwa upele.

2. Uliza analala na nani. "Na wajukuu wawili," alisema. "Mmoja anajikuna usiku kucha, mwingine hana shida." Anayepata upele mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwashwa, na bado akawaambukiza wengine. Ukimtibu shosho peke yake, atarudi. Nyumba nzima hupakwa dawa kwa pamoja, nguo na matandiko yakafuliwa.

3. Usisubiri wekundu. Picha nyingi vitabuni ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu, penye uvimbe huwa zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea. Mwaka 2020 Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu *Mind the Gap* kuziba pengo hilo. Sisi tuna wagonjwa mbele yetu, hatuna kisingizio.

4. Uliza amejipaka nini. Mashilingi yakipakwa krimu yenye steroidi, muwasho hutulia na ile duara hupotea, huku kuvu ikizidi kuenea. Mgonjwa huficha akiogopa kugombezwa. Uliza kwa upole, umwombe alete tyubu uione.

5. Gusa. Mgonjwa afumbe macho, umguse kwa pamba kwenye baka lililofifia, naye aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Asipohisi, fikiria ukoma. Wanafunzi hushangaa kusikia kwamba Kenya bado ina wagonjwa wa ukoma. Dawa za miezi 6 au 12 huuponya, lakini vidole vilivyokwisha kufa ganzi huenda visirudi kuhisi.

Mwalimu mwenzangu, usikubali mwanafunzi ataje jina la ugonjwa kabla hajaangalia, hajauliza na hajagusa.