Tini za Hezekia na Dawa Zangu za Presha

Andiko la kusoma: 2 Wafalme 20:1-7



Kwa miaka minne nilificha dawa zangu za presha ndani ya mkebe wa majani chai. Mimi ni shemasi, naombea wagonjwa. Niliogopa mtu wa ushirika akija nyumbani azione, aseme, "Kumbe hata shemasi?"

Siku moja nikapimwa kliniki, presha ikawa nzuri kabisa. Jumapili nikasimama kushuhudia kwamba nimepona, na dawa nikaacha. Kichwa hakikuuma, sikusikia kizunguzungu. Wiki ya sita, nikiwa jikoni, kikombe kikaniponyoka. Nikataka kumwita binti yangu, ulimi ukawa mzito. Hospitalini mashine ilisoma 210 kwa 120. Kilikuwa kiharusi. Namshukuru Mungu, mkono umerudi.

Muuguzi aliniambia jambo ambalo sijasahau: presha mara nyingi haina dalili. Kile kipimo kizuri hakikuonyesha kwamba ugonjwa umeisha. Kilionyesha kwamba dawa inafanya kazi.

Sasa tumwangalie Hezekia. Aliugua karibu kufa, akageukia ukuta, akaomba huku akilia. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Lakini katika sura hiyo hiyo, Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Maombi yalikuwa yamejibiwa tayari! Basi nani atasema zile tini zilikuwa upungufu wa imani? Hezekia hakuzificha chini ya mto.

Nilipotoka hospitalini, dada mmoja alikuja kuniona. Nilitegemea swali la imani yangu. Yeye akaomba maji, akafungua kibeti, akameza vidonge vyake vya presha mbele yangu. "Mama, tuko wengi," akasema. Siku hiyo aibu iliniondoka.

Tujifunze nini?

1. Pima presha hata ukijisikia mzima. Ikifika 140 kwa 90 kila ukipimwa, mwone daktari.

2. Usiache dawa kwa sababu ya kipimo kimoja kizuri, au kwa sababu umeombewa. Kama Mungu amekuponya, daktari akipima ataona, na ushuhuda wako utakuwa na nguvu zaidi.

3. Punguza chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile ya kupikia.

4. Kabla ya kufunga, zungumza na daktari wako, hasa kama unatumia dawa za sukari.

5. Usitangaze ugonjwa wa ndugu yako, hata kwenye maombi, bila ruhusa yake. Na usimuulize, "Imani yako iko wapi?"

Siku hizi dawa zangu ziko mezani, kando ya Biblia. Asubuhi naomba, halafu nameza.

Swali la ushirika: Je, kuna mtu kati yetu anayeficha dawa kwa sababu anatuogopa sisi?