Kadi mkobani, fedha zatoka Dar

Mama Rehema wa Morogoro, pole sana. Laki nne si hela ya kuokota, na naona kinachokuuma zaidi ni lile neno la meneja: “Namba ya siri iliingizwa sahihi, kwa hiyo ni wewe au mtu wako.” Tangu siku hiyo hupokei simu za mwanao anayesoma Dar, maana namba anaijua na fedha zilitolewa huko huko.

Hebu tulia, mama. Kijana anayo namba, kadi umelala nayo wewe Morogoro. Alichomeka nini kwenye mashine, kitambulisho cha chuo?

Kauli ya meneja ni ya zamani. Uingereza kuna askari polisi, John Munden, aliyelalamika kwamba kuna fedha zimetoka kwenye akaunti yake bila yeye kujua. Akageuziwa kibao: mwaka 1994 akatiwa hatiani kwa kujaribu kuitapeli benki, na ni rufaa ya 1996 iliyomsafisha. Mwaka 2003 wataalamu wa Cambridge walionyesha kwamba mfanyakazi wa ndani aliyeufikia mtambo wa benki wa kuhakiki namba angeweza kuipata namba ya mteja kwa wastani wa majaribio 15.

Wezi wa nje nao hupachika kifaa chembamba pale unapoingiza kadi, kikasoma ule ukanda mweusi wa nyuma, huku kamera ndogo ikitazama vidole vyako. Wakishapata hivyo viwili wanatengeneza kadi yao. Chipu ni ngumu kuigiza, ila ukanda bado upo kwenye kadi nyingi.

Lakini na wewe, mama! Namba ya siri ndiyo mwaka aliozaliwa mwanao? Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, wewe ukachagua ule ambao hata jirani angeubuni. Na ukimtuma mtu ATM na namba yako, si siri tena.

Kadi ifungwe leo. Kisha iandikie benki barua: ni mashine ipi, saa ngapi, ilisoma chipu au ukanda, na picha za kamera ziko wapi? Nakala yako igongwe muhuri. Wakikuzungusha, peleka malalamiko Benki Kuu.

Ila kabla hujashika kalamu, mpigie mwanao. Usimwite mwizi kwa ushahidi ambao benki yenyewe haijakuonyesha.